Mshahara Wangu Una Wenyewe

Fungua kiolezo chochote cha bajeti mtandaoni. Utakuta mstari wa kodi ya nyumba, wa chakula, wa usafiri, wa burudani, wa akiba. Vingine vina hadi mstari wa chakula cha paka. Usichokikuta ni mstari unaomeza hela za karibu kila mfanyakazi ninayemfahamu hapa Dar es Salaam: mchango wa send-off ya binti wa jirani wa zamani, dawa za shangazi, rambirambi, nauli ya binamu anayekuja mjini kutafuta maisha, na yule mliyesoma naye sekondari anayeibuka baada ya miaka na "mambo vipi, umepotea sana", salamu ambayo wote tunajua inaishia wapi.

Washauri wa fedha wengi huziona hela hizi kama tundu la kuziba. Jilipe kwanza, wanasema. Jifunze kukataa. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye mshahara wake ni wake peke yake. Wangu una wenyewe: una mama kule Muheza, una wadogo zangu, una mtaa, una ofisi. Naweza kujifanya sioni, nikaandika bajeti safi ya mtu mmoja, halafu ikifika tarehe kumi na nane nashangaa hela imeenda wapi. Au naweza kuwaandika watu wangu kwenye daftari kabla hawajapiga simu. Ninachotaka kusema leo ni hicho cha pili, maana naona makala nyingi za matumizi ya makusudi zinaanza na chipsi na soda, wakati kwa wengi wetu chipsi hazijawahi kuwa tatizo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu tutaishia kuhubiriana. Kuna kanuni maarufu ya 50/30/20, iliyoenezwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria na baadaye seneta wa Massachusetts, akishirikiana na binti yake. Nusu ya unachopokea iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye unavyovipenda, asilimia 20 kwenye akiba na madeni. Ni rahisi kukumbuka, ndiyo maana imesambaa.

Sasa mchukue mfanyakazi wa kampuni binafsi mwenye mshahara wa 1,200,000 kabla ya makato. Kwa wengi huyo ni mtu aliyetoka kimaisha. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 120,000. PAYE, kodi ya mshahara, haigusi 270,000 za mwanzo, kisha inapanda kwa ngazi kutoka asilimia 8 hadi 30. Kwake inafika 152,000. Kama alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 inakwenda Bodi ya Mikopo: 180,000. Kinachoingia benki ni 748,000. Nusu yake ni 374,000, na hiyo ilipe pango, chakula, nauli, umeme, maji na gesi.

Pango tu lichunguze. Chukua chumba na sebule cha 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki mwezi, anataka miezi sita. Hiyo ni 900,000. Dalali anataka yake, kodi ya mwezi mmoja. Jumla 1,050,000, siku moja, kwa mtu anayepokea 748,000. Kiolezo cha kila mwezi hakina pa kuiweka hela hiyo, kwa sababu kimetengenezwa kwa nchi ambazo watu hulipa pango mwezi kwa mwezi. Na si pango pekee linalokuja kwa mafungu. Januari ina ada, sare na madaftari. Mwezi wa Ramadhani una futari na sikukuu ina nguo za watoto. Desemba ndugu zetu Wachaga wanapanda Moshi kuhesabiwa, na nauli, mbuzi na vinywaji havisubiri tarehe ya mshahara.

Kwa hiyo nimeacha kupanga mwezi. Napanga mwaka. Mwishoni mwa Desemba nachora kalenda ya miezi kumi na miwili kwenye daftari kubwa la mistari, naandika kila fungu linalojulikana litakuja lini na ni kiasi gani, kisha naligawa kwa kumi na mbili. Pango la 900,000 kila nusu mwaka, yaani 1,800,000 kwa mwaka, ni 150,000 kila mwezi, na zinatoka siku ileile mshahara unapoingia, hata kama mwenye nyumba bado yuko mbali. Hakuna ujanja wowote hapo, ni kugawanya tu. Ila kugawanya huko ndiko kulikonionyesha kwamba baada ya mafungu yote, nilichokuwa nakiita "hela ya matumizi" kilikuwa kidogo kuliko nilivyokuwa natembea nacho kichwani.

Ndipo tunafika kwenye michango.

Mgeni akija nchini hapa akaangalia simu ya mtu mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, atadhani huyu ni mfadhili mkubwa. Makundi ya WhatsApp ya harusi, send-off, kitchen party, kipaimara, mahafali, na katika kila kundi orodha ndefu: jina, ahadi, kilicholipwa, na alama ya tiki kwa aliyemaliza. Kamati ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na vikao vya Jumapili jioni mahali penye nyama choma. Kuna kadi ya mtu mmoja na kadi ya wawili, kila moja na kiwango chake. Usipotoa, jina lako linabaki kwenye orodha bila tiki, watu mia mbili wanaliona, na kila siku mbili katibu anaibandika upya orodha "kwa ukumbusho tu wapendwa".

Nimewahi kusikia vijana wakisema huu ni unyonyaji na utamaduni wa kupitwa na wakati. Siko upande wao kabisa. Baba alipofariki, gharama za hospitali, jeneza, usafiri wa mwili hadi Muheza, na chakula cha watu waliolala nyumbani kwetu siku zote zile zilibebwa na watu. Hakuna bima wala akiba yetu ambayo ingefanya hivyo. Kulikuwa na meza pale uani, kijana mmoja ameketi na daftari, kila anayekuja anatoa chochote, jina linaandikwa na kiasi mbele yake. Mama analo daftari lile hadi leo. Ukitokea msiba kwenye nyumba nyingine anavaa miwani, anafungua, anatafuta jina la mwenye msiba, anaona alileta nini. Halafu anaamua apeleke nini. Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari nadhani walimfikiria mama.

Kwa hiyo mchango si tundu. Ni bima ambayo malipo yake hayana tarehe. Kasoro yake ni kwamba inakuja bila mpangilio, na inakuja kwa sauti. Mwenye harusi wa mbali anayepiga simu mara nne anapata kuliko dada wa damu asiyependa kusumbua. Ukiacha mambo yajiendeshe, hela yako itawafuata wenye sauti, na hapo ndipo makusudi yanapohitajika.

Ninachofanya ni hiki. Asilimia 15 ya kinachoingia mkononi naihamishia laini ya pili ya simu, ambayo namba yake sijampa mtu. Ule ni mfuko wa watu. Juu yake daftarini kuna ngazi tatu: damu, karibu, na kujuana. Damu ni kiasi kikubwa na hakina mjadala. Karibu ni wale ambao msiba wetu walilala sakafuni. Kujuana ni wote waliobaki, na wana kiwango kimoja, kidogo, sawa kwa wote, awe bosi au mlinzi. Hili la usawa limenipunguzia kufikiri kwingi sana. Zamani bosi alikuwa anapata ahadi ya kifahari kwa sababu ya hofu tu.

Jingine, siweki ahadi. Nikiongezwa kwenye kundi natuma kiwango changu siku hiyohiyo, taslimu, na ujumbe wa pongezi. Mtu anayeahidi 100,000 akatoa 40,000 baada ya kufukuzwa miezi miwili anaonekana mbaya. Mtu anayetoa 30,000 siku ya kwanza anashukuriwa kundini kwa herufi kubwa, kwa sababu kamati inahitaji malipo ya awali ya ukumbi kuliko inavyohitaji maneno matamu. Sijapata bado mweka hazina aliyenirudishia hela ya mapema kwa kuwa ni ndogo.

Na mfuko ukiisha? Umeisha. Nasema "mwezi huu nimeshamaliza, naomba unikumbushe tarehe tatu". Nusu yao hawakumbushi. Sikuwa najua kwamba nusu ya mizinga ninayopigwa haiwezi kuvumilia wiki mbili.

Mazungumzo magumu zaidi hayakuwa na kamati, yalikuwa na mama. Alikuwa ananipigia kila hitaji linapojitokeza: unga, dawa ya presha, fundi wa bati. Kila mara natuma, kila mara naongeza na ya kutolea, na kila mara yeye anaanza simu kwa sauti ile ya kuomba ambayo mzazi hapaswi kuwa nayo kwa mwanawe. Nilimpigia Jumapili moja baada ya kanisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, nilikuwa nafikiria, kuanzia mwezi huu niwe natuma mara moja tu, tarehe mbili. Hela ya mwezi mzima, na ya kutolea juu yake."

Akanyamaza kidogo. "Kwani nimekuchosha?"

"Hapana mama. Sitaki uwe unaomba. Iwe yako, inakuja yenyewe."

"Na nikiugua?"

"Ugonjwa una mfuko wake, hauhusiani na hiyo."

"Haya. Tutaona hiyo tarehe mbili."

Ilipofika tarehe mbili nilituma saa mbili asubuhi kama anayelipa deni la benki. Baada ya miezi kadhaa nikasikia kwa mdogo wangu kwamba mama ameingia kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana hela, na ananunua hisa kila wiki. Mtu anayejua hela itakuja lini anaweza kuipangia; nilikuwa nimemnyima hilo miaka yote huku nikidhani namtunza.

Baba mdogo habari yake ni tofauti. Naye nilimpangia kiasi chake, kidogo kuliko alichozoea kukipata kwa simu za ghafla. Alisikiliza, akacheka, akasema, "Kwa hiyo siku hizi kumpigia mwanangu mpaka nitazame kalenda." Kisha akawaambia ukoo mzima kwamba nimekuwa Mzungu. Bado anasema hivyo kwenye vikao, na mimi bado namtumia tarehe mbili. Hatujaelewana na sidhani kama tutaelewana. Si kila uamuzi mzuri wa fedha unapigiwa makofi, na mtu akikuahidi kwamba ndugu zako wote watakuelewa, muulize ana ndugu wangapi.

Kutuma mara moja kuna faida nyingine ambayo wengi tuliijua kwa uchungu. Tarehe 15 Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya ada za kawaida za mitandao. Watu walipiga kelele, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Lakini miezi ile ya mwanzo ilitufanya tuzisome zile meseji za makato ambazo tulikuwa tunazifuta bila kuangalia. Mimi nilianza kuandika daftarini kila makato ya kutuma, kutoa na kulipia. Anza kwa mwezi mmoja tu. Hutahitaji nikueleze cha kufanya baada ya hapo.

Sasa kuna hili la rejareja, ambalo naliona likisemwa vibaya sana. Ukienda kwa Mangi ukanunua mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni ya kipande, bando la siku na umeme wa elfu mbili, kwa kipimo unalipa zaidi kuliko anayenunua lita tano, mfuko wa sukari na bando la mwezi. Hesabu hiyo ni ya kweli na kila mama wa nyumbani anaijua bila kufundishwa. Kinachonikera ni pale mtaalamu anapoisema kana kwamba anayenunua robo hajui. Anajua. Hana hela ya kilo leo. Mwenye kipato kidogo analipia unafuu wa kulipa kidogo kidogo, na Mangi anastahili chake kwa kumkatia.

Nilipoweza, nilianza kununua kwa jumla vitu vinne tu: mchele, maharage, sabuni na mafuta. Sukari niliiacha kwenye robo na nusu kilo, kwa sababu nimegundua kwamba sukari ya mfuko ikiwepo ndani chai ya nyumba nzima inakuwa tamu zaidi na wageni wanaongezeka. Sijui wanajuaje. Maharage hayana tabia hiyo. Hakuna mtu aliyewahi kula maharage mengi kwa sababu tu yapo.

Umeme nao ni wa kununua mara moja, mwanzoni mwa mwezi, ili ujue mwezi wako unatumia uniti ngapi. Na usishtuke ukiona manunuzi ya kwanza yana uniti pungufu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kodi ni ya mwenye jengo lakini mita iko kwa mpangaji, kwa hiyo wapangaji wengi wanamlipia mwenye nyumba bila kumwambia na bila kushukuriwa. Kama una uhusiano mzuri na mwenye nyumba wako, mpe hesabu ya mwaka siku ya kulipa pango. Wangu alicheka kwanza, kisha akakata.

Kuhusu mikopo ya simu nitasema machache maana sina huruma nayo. Huduma za kukumalizia muamala pale salio linapopelea zina matumizi yake, ukiwa na mgonjwa saa nane usiku hutauliza riba. Ninachokizungumzia ni programu zinazokopesha bila leseni, zile ambazo mtaani zimepata jina la kausha damu. Chukua mfano: imekuandikia mkopo wa 100,000, imekata ada, mkononi umepata 85,000, na baada ya siku 14 inataka 115,000. Umelipia 30,000 kutumia 85,000 wiki mbili. Hiyo ni zaidi ya asilimia 35. Wakopeshaji wadogo wenye leseni ya Benki Kuu wamewekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 85,000 ile isingefika hata 3,000. Na ukichelewa programu inaingia kwenye majina ya simu yako na kumtumia shemeji yako ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Kabla ya kukopa popote, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni, ni kazi ya dakika mbili.

Wanaokopa huko si wajinga pia. Wengi wanakopa kulipa ahadi ya harusi. Nimewahi kuona mtu akikopa ili apate tiki.

Akiba ndiyo sehemu niliyojifunzia kwa wanawake wa kikoba na wala si kwenye makala za fedha. Mfumo huu wa kuweka na kukopeshana ulianza na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wa kijijini, kisha ukasambaa Afrika, na kwetu ukaingia Zanzibar na bara. Ukiutazama kwa makini, umejengwa na mtu aliyewajua binadamu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kulifungua usiku akiwa na hamu. Hisa zinanunuliwa mbele ya wote. Kuchelewa kuna faini. Mfuko wa jamii uko kando, kwa ugonjwa na misiba, hauchanganywi na hisa hata kwa dawa. Na mwisho wa mwaka sanduku linavunjwa, kila mtu anaondoka na chake na gawio, kisha mnaanza upya.

Tazama tena ule mfuko wa jamii. Mstari wa watu, ambao vile violezo vya mtandaoni havina, wanawake wa kikoba wanao.

Baada ya kikoba, hela isiyohitajika karibuni inakwenda kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Naipenda kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: ukitaka kuitoa inachukua siku chache za kazi. Mara nyingi siku hizo zikipita shida iliyokuwa inaunguza imeshajimalizia yenyewe, au imempata mtu mwingine. Kuna pia hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, kiwango cha chini 1,000,000, za miaka miwili hadi 25, zinalipa riba mara mbili kwa mwaka. Mume wangu anazizungumzia sana. Tuliafikiana kwamba gawio la kikoba likivunjwa mwaka huu ndilo litakuwa la kwanza kwenda huko, na nimemwambia aandike daftarini kwa mkono wake ili Desemba ikifika asije na wazo la kubadilisha sofa.

Na ndiyo, kuna mstari wangu. Elfu arobaini kwa mwezi ambazo hazina maelezo. Kitenge, filamu, urojo wa Jumamosi, kahawa ya mtaani na kashata, chochote. Sizijibii kwa mtu, hata daftari halina haki ya kuniuliza. Kabla ya kuziweka nilikuwa nanunua vitu vilevile kwa kujificha, nikivipitisha chini ya "mahitaji ya nyumbani".

Kuna swali huwa naulizwa kila nikizungumza haya kazini: je, asiye na mshahara? Jibu ni kwamba sisi wa mshahara ndio tulio nyuma. Kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, hadi siku pikipiki inakuwa yake. Ameshajilazimisha kununua mali kabla ya kula. Mama ntilie jirani na ofisi yetu anaingia mchezo wa kuchanga hela kila siku, na kijumbe anapita saa tisa kukusanya wakati hela bado iko kwenye beseni. Nilimuuliza mbona saa tisa, akanitazama kama mtu aliyeuliza mbona wali unapikwa na maji.

"Dada yangu, saa kumi wanakuja wanaotaka kukopa."

Na kabla ya kufunga banda ananunua mchele, mkaa na mafuta ya kesho. Anapanda daladala akiwa na nauli na vitu vya watoto, mtaji wote umeshageuka mkaa. Akipigwa mzinga njiani hana cha kutoa, na hadanganyi.

Nimeiga. Siku mshahara unapoingia nafanya mambo haya kabla sijafungua WhatsApp: LUKU, hela ya mama, fungu la pango, laini ya pili, kikoba, gunia la mchele nikiwa naenda nyumbani. Ikifika saa mbili usiku salio langu ni la mtu aliyefulia. Kundi la harusi ya mfanyakazi mwenzetu lilifunguliwa juzi, ni wa ngazi ya kujuana, na nimeshatuma.